Kidaka cha rangi: kuchora nakshi ya kiinimacho kwenye ukuta wa chokaa

Kuta za nyumba kongwe za Mji Mkongwe wa Zanzibar ni nene, nusu mita na pengine zaidi, lakini unene si uimara. Ndani yake ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, na ukianza kuzichimba leo upate kidaka, yaani uwazi wa ukutani wa kuwekea vyombo vya kaure, jiwe la kwanza hutoka na jirani zake. Nyumba za matofali za Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, zina tatizo jingine: ukuta una unene wa tofali moja tu, hauna pa kuchimbwa. Kidaka cha rangi, kilichochorwa tu bila kuchimbwa, kinakaa kwenye kuta zote mbili. Kikichorwa vyema, mgeni hukisogelea na mkono ameshaunyoosha kabla hajagundua kwamba ukuta ni bapa.

Nitakieleza kidaka kwa urefu, kwani anayekiweza kidaka ameshayaweza mengine. Karnisi ya chini ya dari yenye meno na nguzo bapa za Kirumi nitazipitia baadaye kwa sababu wenye hoteli wanazitaka sana, kuliko ninavyozitaka mimi.

Kivuli ndicho kinachodanganya jicho

Mtu akisikia habari za mchoro wa kiinimacho hufikiria rangi nyingi. Kidaka kizima huchorwa kwa rangi ileile ya ukuta, iliyotiwa giza kwa madaraja machache. Jicho haliulizi rangi, linauliza mwanga unatoka wapi. Kivuli kikikubaliana na dirisha la chumba, jicho linaamini. Kikipingana nalo, hata ukichora kwa ustadi wa namna gani, utapata picha tu.

Kazi hii ni ya kale. Watu wa Pompeii walikuwa wakichora nguzo, madirisha na roshani za uongo kwenye kuta zao kabla mlima Vesuvius haujaufukia mji huo mwaka 79. Mwaka 1685 Andrea Pozzo alichora kuba zima la uongo juu ya turubai katika kanisa la Sant'Ignazio mjini Roma, kwa kuwa kuba la kweli halikujengwa. Sakafuni kuna alama ya marumaru: ukisimama hapo kuba linasimama wima juu yako, ukisogea linalala ubavu. Hilo ndilo la kuzingatia kwetu. Sebule si kanisa, na hakuna mwenye nyumba atakayewaambia wageni wasimame juu ya alama. Tena vyumba vyetu vya kale ni vyembamba, kwani upana wake umefuata urefu wa boriti za mikoko, ambao mara nyingi hauzidi mita 3. Mtazamaji yuko karibu na anatembea. Kwa hiyo chora kina kifupi. Kina cha kubuni cha sentimita 15 kinastahimili mtu kupita huku na huku. Ukijaribu ushoroba wa mita 5 wenye matao utapinda mara mtu anapohama kiti.

Ukuta kwanza

Jua kwanza unachora juu ya nini. Mwagia maji kidogo. Yakinyweka mara moja na mahali pakawa peusi, hiyo ni chokaa. Yakitiririka kama juu ya sahani, ni rangi ya plastiki. Kwenye ukuta wa kale wa matumbawe, rangi ya plastiki ikwanguliwe yote, na viraka vya saruji vilivyo juu juu vitolewe taratibu na plasta ya chokaa irudishwe. Ukuta huo hupumua: unanyonya unyevu kutoka ardhini na kuutoa nje. Ukiuziba kwa plastiki au saruji, unyevu unatafuta njia nyingine, chumvi inatoka na kubambua kazi yako vipande vipande.

Chumvi huonekana zaidi kwenye mita ya kwanza kutoka sakafuni, kama unga mweupe. Usichore hapo. Palipo na shaka, bandika kipande cha nailoni kwa teipu pande zote nne, ukiache usiku kucha. Asubuhi ukikuta matone nyuma ya nailoni, ukuta bado unalia. Tafuta bomba linalovuja au kona ya paa iliyofunguka kabla ya kushika brashi.

Nyumba ikiwa ndani ya eneo la Mji Mkongwe, pita kwanza kwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji. Mji huo umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na kubadili sura ya nje, au kugusa plasta ya kale yenye nakshi hata ndani, si jambo la fundi na mwenye nyumba peke yao. Ukibandua tabaka za rangi ukakuta nakshi iliyochongwa kwenye plasta, simama hapohapo. Hiyo ina thamani kuliko chochote utakachochora juu yake.

Msimu nao una neno. Kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti, ndicho kizuri kuliko vyote. Chokaa haikauki tu kama nguo: inashika kwa kuvuta hewa ya ukaa na kurudi kuwa jiwe, na inahitaji unyevunyevu kufanya hivyo. Kaskazi ikivuma, joto linaikausha kabla haijashika, na baadaye ukipitisha kiganja kinatoka cheupe. Kama huna budi kufanya kazi kaskazi, fanya asubuhi mapema, funga madirisha ya upande wa jua, na nyunyizia ukuta maji kabla na baada. Masika acha.

Chokaa ya kupakia iwe nyepesi kama maziwa. Fundi mwenye haraka huipaka nzito mara moja, ikapasuka. Paka mikono minne au mitano, myembamba, kila mmoja ukisubiri siku moja, na kabla ya kila mkono ulowanishe ukuta. Ukizima chokaa mwenyewe, tia chokaa ndani ya maji, usimwagie maji juu ya chokaa, na vaa miwani na glavu. Ikiingia jichoni osha kwa maji mengi papo hapo, kisha nenda hospitali. Usingoje uone kama itapoa.

Kwenye ukuta wa matofali na saruji uliokwisha pakwa rangi ya plastiki, hayo yote yanakuondokea. Piga msasa, futa vumbi, tumia rangi za maji za plastiki isiyong'aa. Rangi inayong'aa ni adui: taa ikimulika, kidaka kinageuka kioo.

Dirisha na jicho

Kaa ndani ya chumba kuanzia asubuhi mpaka alasiri bila kuchora kitu. Angalia kivuli cha kitu chochote kilichojitokeza ukutani, fremu ya mlango au swichi ya umeme, kinaangukia upande gani kwa saa nyingi zaidi za mchana. Huo ndio upande wa vivuli vyako vyote. Katika mfano wetu dirisha liko kushoto na mlango wa kuingilia uko kulia.

Halafu amua jicho la nani. Aliyesimama, jicho lake liko kama sentimita 150 kutoka sakafuni. Aliyekaa kwenye kiti, kama 115 au 120. Aliyekaa mkekani, chini ya 80. Usichanganye. Kidaka kilichochorwa kwa jicho la aliyesimama kinamwonyesha aliye mkekani sakafu ya kidaka, ambayo kwa kweli asingeweza kuiona kutoka chini. Wateja huliona hilo bila kulijua. "Fundi, mbona kimelala hivi?" bi mkubwa mmoja aliniuliza akiwa kwenye kochi, kazi bado ni ya mkaa. Nikamwomba, "Bi mkubwa, hebu simama mlangoni, unavyoingia kila siku." Akasimama, akatazama, akanyamaza kidogo. "Hapa kiko sawa. Lakini mimi nakaa hapa." Basi nukta ya jicho, ambako mistari inayokwenda ndani huelekea, ikashushwa kwenye usawa wa kochi. Muulize mteja anakaa wapi kabla hujapiga mstari wa kwanza.

Mistari

Vifaa ni futi kamba, timazi, pima maji, uzi, msumari mdogo, penseli nyepesi na bikari ya kamba. Vipimo ninavyotoa hapa vinaafikiana. Ukibadili kimoja, vingine vinafuata.

Piga mstari wima wa kushoto kwa timazi. Piga wa kulia umbali wa sentimita 40. Sakafu ya kidaka iwe 110 kutoka chini. Mistari ya ubavuni ipande mpaka 150, na hapo, katikati ya mistari miwili, weka kituo cha bikari na uzungushe tao lenye nusu kipenyo cha 20. Kilele kitakuwa 170. Huo ndio mdomo wa kidaka. Vidaka vya kale vina matao yaliyochongoka au yenye mikunjo, lakini anza na la mviringo. Hayo mengine utayajaribu mkono ukishazoea.

Sasa msumari. Upige kwenye urefu wa 150, sentimita 120 kulia kwa mstari wa kushoto. Hiyo ndiyo nukta ya jicho, na mistari yote inayokwenda ndani ya ukuta itaelekea hapo. Funga uzi, unyooshe mpaka kila pembe ya mdomo, na uone njia zake.

Ndani kiasi gani? Mtazamaji yuko mita 3 kutoka ukutani, kidaka kina kina cha kubuni cha sentimita 15. Gawa 300 kwa 315, unapata 20 kwa 21. Kila umbali kutoka kwenye msumari uzidishe kwa hiyo, utapata mahali ukuta wa nyuma wa kidaka unapoonekana.

Mstari wa kushoto uko 120 kutoka kwenye msumari, hivyo wa nyuma yake uko 114.3. Maana yake ubavu wa ndani wa kushoto unaonekana kwa upana wa sentimita 5.7. Sakafu iko 40 chini ya usawa wa msumari, ya nyuma 38.1: sakafu nzima ya kidaka inaonekana kama ukanda wa sentimita 1.9. Si zaidi. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, maana akili inajua sakafu ni sentimita 15 na mkono unachora 6 au 7, kikatoka kitu kama sinia lililoinamishwa. Amini hesabu. Tao la nyuma, hamisha kituo cha bikari sentimita 4.8 kulia, nusu kipenyo 19. Sehemu ya tao hilo inayotoka nje ya mdomo ifute. Ubavu wa kulia hauonekani kabisa, kwa sababu anayetazama yuko upande huo.

Kivuli nacho kina bikari yake. Mafundi wa michoro ya majengo huchukua mwanga unaoshuka kwa nyuzi 45 kutoka juu upande mmoja, kwa hiyo kivuli kinahama sawasawa na kina. Kina chetu ni 15. Kikipunguzwa kwa 20 kwa 21 ni 14.3. Toka kwenye kituo cha tao la nyuma nenda 14.3 kulia na 14.3 chini, zungusha tena nusu kipenyo 19, kisha shusha mstari wima kutoka mwisho wa kushoto wa tao hilo mpaka sakafuni mwa kidaka. Mstari huo utaangukia katikati kamili ya mdomo, sentimita 20 kutoka kushoto. Kilicho kushoto na juu ya mstari na tao hilo kimo kivulini. Mwanga unabaki chini upande wa kulia. Juu ya ukanda wa sakafu, kivuli kianzie pembe ya mbele kushoto, kikimbie kwa mshazari mpaka kikutane na ule mstari wima. Mshazari huo mdogo, ulio ndani ya ukanda wa sentimita 2, ndio unaokilaza chini kitu kizima. Ukiusahau, sakafu inaning'inia.

Makopo manne

Rangi za kuchanganya na chokaa ziwe za udongo na madini: udongo wa njano, udongo mwekundu, hudhurungi ya udongo, nyeusi ya masizi, na buluu ya ultramarini. Hizi chokaa haizili. Buluu ya Prusia usiiguse, chokaa inaigeuza kahawia. Unga wa rangi usizidi sehemu 1 kwa 10 za chokaa kwa uzito. Ukizidi, chokaa haiwezi kuushika na utabaki vidoleni. Uloweke kwanza kwa maji mpaka uwe uji, uchuje kwa kitambaa, ndipo uchanganye.

Kopo la kwanza ni rangi ya ukuta wenyewe. La pili ni nusu kivuli, la tatu kivuli, la nne mwanga, jeupe kuliko ukuta. Usitengeneze kivuli kwa kumwaga nyeusi ndani ya rangi ya ukuta. Kitatoka kijivu kilichokufa, kama doa la moshi. Anza na hudhurungi, kisha tone la buluu. Kiasi gani, chumba kitakwambia. Shikilia kibao cha sentimita 15 wima dhidi ya ukuta, utazame kivuli chake, na paka rangi yako kwenye karatasi uiweke ubavuni mwake. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe, ambako mwanga wa dirisha umeshagonga ukuta wa jirani kabla ya kuingia, kivuli huwa na joto kidogo, hudhurungi zaidi. Nyumba ya Bwejuu au Nungwi iliyoelekea bahari, kivuli ni cha buluu.

Tahadhari moja kubwa: chokaa mbichi inaonekana nyeusi, ikikauka inapauka sana. Kivuli kinachoonekana sawa ndani ya ndoo kitakuwa ukungu kesho. Paka vibandiko vya majaribio kwenye kipande cha plasta ya chokaa, kiache mpaka kesho yake, ndipo uhukumu. Andika vipimo juu ya kopo.

Kupaka

Lowanisha eneo lote. Anza na nusu kivuli juu ya mgongo wote wa kidaka, ubavu wa kushoto na upande wa ndani wa tao. Kikishika, paka kivuli ndani ya mipaka uliyoizungusha kwa bikari.

Hapa kuna jambo ambalo mwanafunzi hutazama mara kumi haamini. Ubavu wa kushoto umelipa kisogo dirisha, kwa hiyo unadhani ndio wenye giza kuliko vyote. Sivyo. Kivuli kilichoangukia mgongo wa kidaka ni kizito zaidi kuliko ubavu uliokitupa. Mwanga uliopiga upande wa kulia unarudi na kuugusa ubavu wa kushoto. Vivyo hivyo sakafu yenye mwanga inaurudishia tao kidogo kutoka chini. Basi ubavu wa kushoto uupake kwa nusu kivuli iliyozidishwa kidogo, na kivuli kizima ukiweke mgongoni. Sehemu ya chini ya ubavu huo, karibu na sakafu, ipate mwanga zaidi kuliko juu. Ukifanya hili moja tu, ukuta unafunguka mbele yako.

Mpaka wa kivuli usiwe mmoja pote. Karibu na kinachokitupa, yaani pale chini mshazari unapoanzia, uwe mkali kama uliokatwa kwa wembe. Kadiri unavyokwenda mbali, ulainishe kwa brashi kavu. Teipu ya karatasi ni nzuri kwa mdomo wa kidaka, lakini kwa kivuli cha ndani usiitumie, inakifanya kivuli kiwe kibandiko.

Mwanga unakuja mwisho, na uwe haba. Mstari wa milimita 2 au 3 kwenye ukingo wa kulia wa mdomo, pale dirisha linapougonga, na mwingine kwenye ukingo wa mbele wa sakafu, upande wa kulia tu. Ukingo wa kushoto usipate chochote: huko ukuta wenye mwanga unakutana na ubavu wenye giza, na tofauti hiyo inatosha. Mistari isiwe na nguvu sawa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ikatize hapa na pale, kwani plasta ya kweli ina mapengo na mikwaruzo.

Rudi mlangoni. Fumba jicho moja. Macho mawili yanajua ukuta ni bapa kwa sababu kila jicho linaona picha ileile. Jicho moja halina ushahidi huo. Ikiwa kidaka kinasimama kwa jicho moja na kinalegea kwa mawili, kazi yako ni sahihi na mtazamaji yuko karibu mno. Ikiwa hakisimami hata kwa moja, kivuli hakijatosha. Karibu kila mara ni hicho: woga wa giza.

Ukitaka kuweka kitu ndani yake, chora bakuli moja au dele la kahawa, nusu yake kivulini na nusu kwenye mwanga, ili mpaka wa kivuli upande juu ya umbo lake. Viumbe wenye roho wateja wengi hapa hawataki ukutani, na nakshi yetu ya majani, maua na jiometri haijawahi kuwahitaji. Ukipita Kidichi, kwenye mahamamu aliyojenga Sayyid Said katikati ya karne ya 19 kwa ajili ya mke wake wa Kiajemi, tazama plasta iliyochongwa mle ndani. Mwanga unaoingia kutoka juu ni mchache, na kila jani linaonekana kwa sababu ya ule uzi wa kivuli ulio chini yake. Huo ni msaada kuliko picha yoyote ya simu.

Karnisi na meno

Karnisi ni ukanda uliojitokeza chini ya dari. Kwa chumba cha kawaida sentimita 18 zinatosha, kuanzia juu: ukanda bapa 2, mkunjo wa ndani 4, uzi bapa 1, meno 6, mkunjo wa nje 4, uzi bapa 1. Chini ya yote weka kivuli cha sentimita 6 kinachoyeyuka.

Mikunjo miwili hiyo inachanganya watu, nayo ina kanuni rahisi. Mkunjo wa nje, uliotuna, una mwanga juu na giza chini. Mkunjo wa ndani, uliobonyea, una giza juu na mwanga chini. Ukiipindua, karnisi nzima inaingia ukutani badala ya kutoka.

Meno yana vipimo tangu enzi ya Vitruvius, mjenzi wa Kirumi: upana wa jino ni nusu ya urefu wake, na pengo ni theluthi mbili za upana. Jino la 6 basi lina upana wa 3 na pengo la 2, hatua ya sentimita 5. Ukuta wa mita 4 unachukua hatua 80. Ukuta wa mita 4.13 unakupa 82.6, nawe usikubali jino lililokatika kwenye kona: fanya hatua 83, kila moja 4.98. Hakuna jicho litakalojua. Ila usipime jino kwa jino, kosa la nywele moja likijirudia mara 83 linakuwa kidole. Piga hesabu ya jumla kwa simu na uweke alama zote kutoka kwenye futi kamba moja iliyonyooshwa.

Kila jino lijitokeze sentimita 1.5 za kubuni. Kivuli chake kitaziba robo tatu ya pengo lililo kulia kwake, na utabaki utepe wa nusu sentimita wenye mwanga kabla ya jino linalofuata. Utepe huo ndio unaoliinua jino. Fundi mvivu hupaka pengo lote giza, akapata ngazi nyeusi na nyeupe badala ya meno. Chora jino moja na kivuli chake kwenye karatasi ngumu, toboa mistari kwa sindano, kisha gonga juu yake kitambaa chenye unga wa mkaa. Alama zitabaki ukutani na utaendelea mpaka kona.

Huko juu usitie kivuli kizito kama cha kidaka. Dirisha mara nyingi liko chini ya karnisi, na sakafu nayo inarudisha mwanga kuelekea dari.

Nguzo bapa

Vignola, Mtaliano aliyechapisha kanuni za mitindo mitano ya nguzo mwaka 1562, aligawa urefu wote kwa 19: sehemu 4 za kitako, 12 za nguzo, 3 za kilicho juu yake. Chumba cha Mji Mkongwe chenye mita 3.8 kinakubali bila taabu, kila sehemu ni sentimita 20: kitako 80, nguzo 240, juu 60. Upana wa chini wa nguzo ya mtindo wa Doriki ni moja ya nane ya urefu wake, hapa 30. Ya Ayoni moja ya tisa. Ya Korintho moja ya kumi. Dari ikiwa chini, mita 2.7 kwa mfano, acha kitako, gawa kwa 5, nguzo ichukue 4.

Mimi humshawishi mteja achukue Doriki. Majani ya Korintho ni kazi ya wiki kwa kichwa kimoja, na yakikaa ubavuni mwa mlango wetu wa nakshi yanagombana nao. Jua pia kichwa ni kipi na kitako ni kipi: kwenye kanisa la Anglikana Mkunazini kuna nguzo zilizosimama kichwa chini, na waongozaji wa watalii husimulia kwamba mafundi walizisimamisha hivyo askofu Steere akiwa hayupo. Zimekaa hivyo tangu karne ya 19.

Taa za usiku

Jua likizama dirisha linakufa na taa inachukua nafasi yake. Balbu nyeupe katikati ya dari inamulika ukuta kutoka kulia na juu, nayo inapinga kila kivuli ulichochora. Muombe mwenye nyumba aweke taa ya ukutani au ya kusimama upande uleule wa dirisha, yenye mwanga wa njano, juu kidogo ya kilele cha kidaka. Isiwe karibu sana na ukuta, maana itafichua kila wimbi la plasta. Kama umeme wa chumba umeshapita na hauhamishiki, ijue hiyo balbu kabla ya kuanza, na pale wanapokaa usiku zaidi kuliko mchana, geuza vivuli vyako viifuate yenyewe.

Mwachie mwenye nyumba makopo manne yaliyofungwa vizuri, yenye maandishi, chokaa ikifunikwa na maji ya kidole kimoja juu yake. Vumbi aondoe kwa brashi laini na kavu; kitambaa cha maji kitakula nusu kivuli kwanza.